Kuku wa Kutajwa

Siku ng'ombe wa Masele alipopewa ubeti mzima, Immaculata alisikiliza hadi mwisho, akaipua sufuria ya maharage, na moto akaumwagia maji. Moto ukalia fyaaa. Sebuleni gitaa likaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mabala eee, Mabala wa Masele," aliimba mume wake, Telesphor, macho kayafumba, "pembe zako mwezi unazionea wivu, ukikanyaga Magamba ardhi inasema karibu..."

Jamani. Ng'ombe! Mwenyewe yuko Magamba anacheua majani, hana habari kwamba huku Makanyagio kuna fundi seremala mzima kaacha vitanda vya watu bila miguu, anatafuta maneno matamu ya kuzisifia pembe zake. Immaculata alijifuta mikono kwenye kanga, akaenda kusimama mlangoni.

"Baba Nashon."

"Subiri kidogo, niko kwenye pembe."

"Toka kwenye pembe. Huyo ni ng'ombe."

"Si ng'ombe hivi hivi, ni dume la Masele. Ametoa mbuzi."

"Ng'ombe ametoa mbuzi?"

"Masele ametoa mbuzi kwa niaba ya ng'ombe," alisema Telesphor kwa upole, kama mwalimu anayemwelewesha mtoto mzito. "Na Masele mwenyewe ametoa jogoo kwa ajili yake. Kila mmoja ana fungu lake. Hapo nimedhulumu wapi?"

Immaculata alitazama ukumbi wa nyumba yake. Kuku walikuwa wamefungwa miguu kwenye mguu wa meza, kwenye mguu wa kabati, na mmoja kwenye mpini wa msumeno. Gunia la mchele kutoka kijiji cha Mamba lilikuwa limekaa kwenye kiti cha wageni. Mbuzi alikuwa nje, anakula kamba ya kuanikia nguo. Vyote hivyo vilikuja kwa ajili ya kaseti.

Gitaa lile lilikuwa limening'inia ukutani tangu ampilifaya ya Mninga Jazz iungue na bendi ife nayo. Miaka ilipita hata mijusi ikaweka makao humo ndani. Mwaka huu, mvua zilipokatika, Telesphor aliliteremsha, akapangusa vumbi, akatangaza kwamba atatoa kaseti mpya, peke yake, bila bendi, gitaa kavu na sauti yake basi. Kaseti itaitwa *Nimerudi*.

"Ulikuwa umekwenda wapi?" Immaculata alimuuliza siku ile. "Mbona nilikuwa nakupakulia ugali kila siku?"

Lakini alifurahi. Hilo lazima lisemwe. Alimpenda mtu huyu kwanza kwa sababu ya vidole vyake, na alipoviona vimerudi kwenye nyuzi, mwili wake wote ulimchangamka. Ndiyo maana alipoambiwa kwamba nyuzi hazipo Mpanda nzima, zinaagizwa Tabora, na kanda tupu nayo inahitajika, aliibeba cherehani yake mwenyewe kichwani mpaka kwa fundi Aloyce wa sokoni, akamuuzia, akarudi na pesa tu mkononi, wala hakulia mpaka alipofika jikoni.

Habari zikasambaa. Na katika mji huu, mwanamuziki akitaka kurekodi, watu huleta chochote walicho nacho ili watajwe kwenye wimbo. Si hongo, mtu asielewe vibaya. Ni heshima, inakwenda huku na kurudi. Mwenye kuku analeta kuku, mwenye karanga analeta karanga, na jina lake linaingia kwenye kaseti, linapanda treni, linafika Kaliua na Tabora huko ambako mwenyewe hajafika. Mtu wa kutajwa harudishwi mlangoni. Mwanamuziki anayekataa zawadi ya kutajwa, kesho yake hana pa kupigia.

Immaculata aliyajua yote hayo. Alichokuwa hajakijua, mpaka leo, ni kwamba wanyama nao wamo.

"Maharage yameiva?" aliuliza Telesphor.

"Muulize Mabala," alisema Immaculata, akatoka.

* * *

Asubuhi yake alikuja Sikujua, jirani wa nyumba ya pili, muuza maandazi, na beseni lake kichwani. Sikujua hakuwa mtu wa kupiga hodi. Aliingia, akalishusha beseni juu ya gunia la mchele, akasema, "Mama Nashon, nimekuja kujisikiliza."

"Kujisikiliza vipi?"

"Si nimeleta debe la karanga? Nataka nisikie nimekaaje humo. Shemeji yuko wapi?"

Shemeji alikuwa anapiga mswaki uani. Alikuja mbio na povu mdomoni, akachukua gitaa, akamwimbia Sikujua sehemu yake: Sikujua wa maandazi, Makanyagio yote inaamka kwa harufu yako. Sikujua alifumba macho, akatikisa bega moja, halafu la pili.

"Hapo sawa. Na Gaudensi umemweka wapi?"

"Gaudensi ni wa kwanza. Tunarekodia kwenye chumba chake, nyuma ya baa."

"Kwa hiyo mimi ni wa pili?"

"Wa pili ni Masele."

"Na wa tatu?"

Telesphor alikohoa. "Wa tatu ni ng'ombe wa Masele."

Sikujua aliweka mikono kiunoni. Ilibidi aahidiwe kutajwa mara mbili, mwanzo na mwisho wa wimbo, ndipo uso wake ukarudi mahali pake. Alipokuwa anajitwika beseni, alimgeukia Immaculata kwa sauti ya huruma, ile huruma ya jirani ambayo ni afadhali akutukane.

"Na wewe, mwenzangu, umewekwa wapi?"

Immaculata alishika ufagio. "Mimi ni mwenye nyumba."

"Ahaa. Mwenye nyumba hatajwi." Sikujua alimshika bega. "Pole."

Ile pole ilimkaa kooni kama mwiba wa perege. Alifagia uwanja mzima, akafagia na uwanja wa jirani, bado haikutoka.

* * *

Kesho yake aliuliza. Alipanga kuuliza wakiwa wawili tu, lakini Masele alitokea saa ile ile ya uji, mrefu kama mlingoti, shuka begani, fimbo mkononi. Alikuwa mtu mpole sana, mfugaji aliyeshuka na ng'ombe zake kutoka Shinyanga, na alikuwa ametembea kutoka Magamba kuuliza kama mama yake Mabala naye anaweza kupata kaneno kadogo, maana dume halikujizaa.

"Wabeja, mayu," alimshukuru mama mwenye nyumba kwa Kisukuma alipopewa kikombe cha uji.

Immaculata akaona potelea mbali. Kama mama wa ng'ombe anaombewa nafasi mbele yake, yeye anaogopa nini?

"Baba Nashon, mimi nitatajwa?"

Telesphor alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyesikia kichekesho. "Wewe? Utajwe?"

"Ndiyo."

"Mama Nashon, jina linalotajwa ni la mtu wa nje. Mwanamuziki akianza kutaja watu wa nyumbani kwake, watu watasema kaishiwa, hana wafadhili. Mninga Jazz nzima hapakuwa na mtu aliyemtaja mke wake. Hata yule mpiga besi aliyekuwa na wake watatu!"

"Huyo aliogopa," alisema Masele.

"Masele, mwambie shemeji yako."

Masele alifikiri. "Kwetu mayu, mwanamke anatajwa siku ya mahari. Basi. Ng'ombe zikishahesabiwa, jina limekwisha kazi."

Wakacheka wote wawili, na Masele akamalizia uji wake kwa sauti. Immaculata naye alitabasamu, maana ungefanyaje mbele ya mgeni, akakusanya vikombe, akaenda kuviosha nyuma ya nyumba. Huko ndiko alikobaki na vikombe safi mkononi kwa muda mrefu.

Alijaribu kukumbuka ni nani aliyemwita Immaculata mara ya mwisho. Marehemu baba yake alikuwa anaita, tena kwa kuvuta, hadi shamba la pili wanasikia. Padri aliita siku ya ndoa. Baada ya hapo akawa mke wa Telesphor, na Nashon alipozaliwa akawa mama Nashon. Zahanati, mama Nashon. Jumuiya, mama Nashon. Sokoni, mama Nashon nyanya zimeshuka. Nashon mwenyewe siku hizi yuko shule ya bweni, hayupo hata nyumbani, lakini jina lake ndilo linaloamka, ndilo linalochota maji, ndilo linalopika. Immaculata alihisi kama kuna mtu anamwita kutoka mbali na kila siku anazidi kwenda mbali zaidi.

Ile cherehani ilimuuma upya. Alikuwa ameitoa kwa moyo, kimya kimya, kama mtu wa nyumbani. Laiti angekuwa mtu baki! Angekuja na kijogoo kimoja chenye kidonda, angepewa mstari na kitikio juu.

Akasimama na vikombe vyake. Akalirudia wazo hilo. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu juzi, akacheka peke yake, hata mbuzi akaacha kutafuna kumtazama.

* * *

Mrekodi alikuwa Leonidas, kijana wa makazi ya Katumba, aliyekuja mjini na mtambo wake nyuma ya baiskeli, umefungwa kwa blanketi kama mtoto mgonjwa. Ulikuwa redio kaseti kubwa ya milango miwili, na maikrofoni aliyoifunga kwenye mpini wa ufagio. Ukuta wa chumba cha Gaudensi aliutundika magunia matupu ili sauti isirukeruke. Kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani tangu Mpanda mpaka Inyonga. Tatizo lake lilikuwa moja: wakimbizi wa Katumba walitoka makazini kwa kibali, na kibali chake kilikuwa kinaisha leo leo.

"Jua likishuka, mimi niko kwenye baiskeli," aliwaambia. "Na kanda tupu ni moja. Mukikosea, tunarudi nyuma, tunapoteza saa. Musikosee, bwana."

Telesphor alivaa suruali ya harusi. Aliimba tangu asubuhi, na hilo nalo lazima lisemwe, aliimba vizuri. Aliimba wimbo wa mbao za mninga, akaimba wa reli, akaimba mmoja wa taratibu uliomfanya Gaudensi, mwenye baa, atoke nje kuangalia kitu ambacho hakikuwepo. Ukabaki wimbo mmoja wa kufunga upande wa kwanza. Wimbo wa majina.

Wenye majina walikuwepo wote. Walikaa kwenye mabenchi chini ya dirisha, kila mtu kaja kulinda lake. Sikujua alikuwa amepaka mafuta mpaka magotini, kwa kaseti isiyoona mtu. Masele aliegemea fimbo. Leonidas alifungua mlango, akaweka kalamu sikioni, akauliza kama inavyoulizwa kila mara kabla ya wimbo huo: "Kuna mwingine wa kutajwa? Baada ya hapa nafunga."

"Nipo," ilisikika sauti kutoka barabarani.

Immaculata alikuwa amevaa kitenge cha Pasaka na viatu. Kwapani alikuwa na kuku, mtetea wake mwenyewe mwekundu, anayetaga, ambaye hakuletwa na mfadhili yeyote. Alipita katikati ya mabenchi, akafika mlangoni, akamkabidhi Leonidas kuku kwa mikono miwili, akapiga na goti kidogo, kama afanyavyo mtu yeyote wa nje.

"Nimekuja kutajwa."

Leonidas, ambaye hakuwa amewahi kufika kwao, aliitoa kalamu sikioni. "Jina, mama?"

"Immaculata."

"Immaculata wa nani?"

"Wa mwenyewe."

Mabenchini watu walitazamana. Walikuwa wamenunua nyanya naye, wamezika naye, wameimba naye kwaya, na nusu yao ndiyo kwanza wanasikia anaitwaje. Telesphor alichungulia kutoka ndani, gitaa shingoni.

"Mama Nashon! Nini hii?"

"Nashon hajaleta kuku," alisema Immaculata. "Kuku nimeleta mimi."

Baa nzima ilipasuka kwa kicheko. Gaudensi alipiga meza. Telesphor alitoka nje akamsogelea mke wake, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "Unaniaibisha. Rudi nyumbani, tutaongea."

"Mtu wa kutajwa harudishwi mlangoni. Si desturi yenu?"

"Wewe si mtu wa nje!"

"Basi unipe haki za mtu wa ndani. Zipi?"

Telesphor aligeukia mabenchi kutafuta wa kumsaidia.

"Nafasi hakuna!" alidakia Sikujua, ambaye alishaona hesabu inaelekea wapi. "Kanda ni fupi! Kuna wengine tunatajwa mara mbili humu!"

"Masele," alisema Telesphor. "Mwambie shemeji yako."

Masele aliiangalia fimbo yake, akamwangalia kuku, akakohoa. Alikuwa mtu wa haki, na haki ilikuwa inamsumbua.

"Rafiki yangu," alisema, "kuku ni kuku. Mimi dume langu hata kuongea halijui, na mmelipokelea mbuzi wake. Huyu ameongea. Mtaje."

"Mtaje!" alisema Gaudensi. "Mtaje!" ikaitika baa, hata walevi wawili wa kona ambao hawakujua nani anatajwa.

Telesphor alimshika Immaculata kiwiko, akamvuta pembeni mwa mlango. "Sikiliza. Mimi sijawahi. Ninyamaze au nikuambie ukweli? Nilijaribu. Nilipoteremsha gitaa, wimbo wa kwanza nilioanza ulikuwa wako. Nikifika kwenye jina, sauti inatetemeka. Mzee mzima. Watu watanicheka."

"Itetemeke."

"Itaharibu kaseti."

"Telesphor," alisema Immaculata, na mabenchi yakavuta pumzi, maana hakuna aliyewahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina. "Kaseti hiyo ina cherehani yangu ndani. Sikudai. Lakini atatajwa Sikujua, atatajwa Masele, atatajwa na ng'ombe. Mimi nikifa kesho, padri akauliza huyu marehemu anaitwa nani, nani hapa angemjibu? Najisikia kama nimeshasahauliwa na bado nachota maji. Sitaki ubeti. Nataka jina tu, usikike unaniita."

Hakuna aliyecheka. Sikujua aliangalia magoti yake yaliyopakwa mafuta. Ndani, Leonidas alichungulia jua dirishani, akasema kwa unyenyekevu, "Samahani, wazee. Kibali."

Telesphor aliingia ndani. Kuku aliwekwa chini ya meza ya mtambo. Mlango ukafungwa.

* * *

Telesphor alimwimba Gaudensi. Alimwimba Masele, akamwimba Mabala na pembe zake zote, na Masele nje ya dirisha akawa anatikisa kichwa kwa machozi ya furaha. Alimwimba Sikujua wa maandazi. Aliwaimba jamaa wa Mamba waliotuma mchele, alimwimba fundi Aloyce, alimwimba msimamizi wa jumuiya aliyeleta mayai. Immaculata alikuwa amesimama dirishani, mikono kifuani. Kila jina lilipopita aliliona kama mtu anayepewa kiti mbele yake.

Leonidas alianza kuzungusha kidole hewani. Kanda ilikuwa inakwisha. Telesphor aliona, akaruka Sikujua wa pili, na nje ukasikika mguno. Akapunguza mwendo wa gitaa. Nyuzi zikabaki mbili tu zinazosema.

"Na mwenye nyumba yangu," aliimba, na kweli sauti ilianza kutetemeka, "aliyenipa nyuzi hizi ninazopiga, leo simwiti mama wa mtu, leo namwita kwa lake, namwita Immacu..."

Ta!

Kitufe kiliruka juu. Upande wa kwanza umekwisha.

Immaculata aliitazama ile kanda iliyosimama. Mungu wangu. Majina yote ya Mpanda yameingia mazima, pembe zimeingia mbili, na jina lake limekatwa katikati. Alitaka kucheka akashindwa, akataka kulia akaona aibu.

Lakini ndani ya chumba Telesphor hakunyamaza. Alikuwa bado ameishikilia ile "cuuu", macho yamemtoka, mkono wa kushoto umekaza nyuzi, na kwa kichwa anamwonyesha Leonidas: geuza! geuza! Leonidas alishtuka, akafungua mlango wa mtambo, akachomoa kanda, akaigeuza. Akakumbuka kwamba mwanzo wa kanda kuna kile kipande kitupu kisichoshika sauti. Akachomeka kalamu kwenye tundu la kanda, akaanza kuzungusha.

"Cuuuuuuu," alisema Telesphor.

"Anakufa huyo!" alipiga kelele Sikujua. "Jamani shemeji anakufa!"

Mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. Uso ulishaacha kuwa mweusi, ukawa na rangi ya mninga uliokatwa sasa hivi. Gaudensi alikuwa amepanda juu ya benchi. Masele aliivua kofia yake. Immaculata alishika vyuma vya dirisha kwa mikono miwili, akajikuta na yeye ameibana pumzi, pamoja na mumewe, kama siku moja walipoharakisha kuvuka Mto Katuma na maji yako kifuani. Leonidas alirudisha kanda ndani, akafunga, akakandamiza vitufe viwili kwa mpigo, akashusha mkono.

"...laaaata!"

Telesphor aliangukia benchi. Gitaa likagonga meza, mtetea akapiga kelele, nje mabenchi yote yakapiga vigelegele, wanaume kwa wanawake. Vyote hivyo viliingia kwenye kanda.

Leonidas alisimamisha mtambo, akajipangusa jasho. "Turudie vizuri? Tukirudia tunafuta mwisho wa upande wa kwanza. Lakini jua..."

Telesphor hakuweza kusema. Alimtazama mke wake dirishani, midomo imepauka, kifua kinapanda na kushuka.

"Acha hivyo hivyo," alisema Immaculata.

* * *

Kaseti zilipoanza kutoka, wa kwanza kununua walizirudisha. Walisema ni mbovu, zimekatika kwenye jina la mtu. Gaudensi akawa anawaambia, tena kwa kujidai kana kwamba aliitunga yeye: geuza upande wa pili. Wakageuza. Wakasikia ile "laaaata", wakasikia gitaa linaanguka, kuku analalamika na watu wanapiga vigelegele, na hawakutaka kusikia kitu kingine.

Ukawa mchezo wa mji. Pale baa, wimbo wa majina ukianza watu wanaongea, wanabishana, wanaagiza. Ukifika mwisho, ta!, baa nzima inanyamaza chupa mkononi. Gaudensi anakwenda taratibu, makusudi, anatoa kanda, anaipuliza vumbi ambalo halipo, anaigeuza. Wapo waliokuwa wanabana pumzi na wengine wakaona nyota. Halafu linaposhuka lile jina, wanalipokea wote kwa sauti moja. Sikujua alilalamika wiki nzima kwamba yeye ametajwa mara moja tu, tena katikati, halafu naye akaonekana pale baa, kasimama, mikono juu, anasubiri kanda igeuzwe.

Sokoni Immaculata alianza kukutana na mambo mapya. Muuza dagaa anaanza "Immacuuu", na muuza mkaa wa ng'ambo ya pili anamalizia. Katibu wa jumuiya, mama mzito asiyecheka, alimsimamisha mlangoni mwa kanisa akamwambia, "Dada Immaculata, unaitwa jina zuri, mbona ulikuwa unatuficha?" Naye akajibu kwamba hakuwa anaficha, hakuna aliyekuwa anauliza. Aliporudi nyumbani siku hiyo alijiangalia kwenye kioo cha kabati kwa muda, akajiamkia.

Telesphor ndiye aliyechelewa. Kuimba aliimba, lakini nyumbani ulimi ulikuwa umezoea njia yake ya zamani. Mpaka Jumapili moja, Immaculata yuko nyuma ya nyumba anafua, yeye yuko mbele na kitanda cha mteja, anahitaji mtu wa kumshikia ubao.

"Mama Na..." aliita, akakwama. Nyundo ikawekwa chini. Halafu sauti ikapanda juu ya paa la nyumba, haina gitaa, inatetemeka vile vile: "Immaculata!"

Alikuwa amesikia. Alisikia vizuri kabisa. Akainamia beseni, mikono ndani ya povu, akanyamaza, ili aite tena.